Boti ya okazioni: bei inapimwa kwa magunia, wasafiri ndio wanalipa

Pembeni ya ziwa Kivu, boti ya mbao yenye kuuzwa inajulikana haraka. Imevutwa mpaka kwenye mchanga, imepakwa rangi mpya, na moteri yake imefunikwa na shitingi. Komisioneri anasimama karibu. Mununuzi akifika, ulizo la kwanza halihusu mbao, wala misumari, wala karatasi. Anauliza: inabeba magunia ngapi? Komisioneri anataja hesabu kubwa, na hapo ndipo bei inaanza kuzungumziwa.

Lile ulizo ndilo linaleta shida. Mutu anayenunua boti kwa hesabu ya juu kabisa ya magunia, analipia muzigo ambao ile boti haipaswi kubeba. Kisha, ili feza yake irudi, inamubidi aubebe kweli. Kwa hiyo bei ya boti ya okazioni haihusu muuzaji na mununuzi peke yao. Inamuhusu mama anayepanda na ndizi zake, mwanafunzi anayerudi kwao, na kila mutu asiyekuwa na njia ingine.

Kwa nini boti zinatafutwa

Mwanzo wa mwaka 2024, vita karibu na Sake ilikata barabara kati ya Goma na Minova. Vyakula vilivyokuwa vinafika Goma kwa gari vilihamia majini, na watu pia. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingojea. Makumi ya wasafiri walikufa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi.

Kisha Goma ikaingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Mabenki yakafunga. Mwenye kuwa na akiba kidogo mukononi akabaki kujiuliza aiweke fasi gani. Upande wa ziwa Tanganyika, wakaaji wa Uvira, Baraka, Fizi na Kalemie wanajua tangu zamani kwamba mvua ikiharibu barabara, ziwa ndilo linabaki kuwa barabara.

Katika hali kama hiyo, boti inaonekana kuwa kazi ya uhakika. Lakini boti mpya inaomba mbao nyingi, fundi muzuri, na miezi ya kungojea. Ya okazioni inaweza kuingia majini kesho yake. Ile haraka ndiyo inamufunga mununuzi macho.

Hesabu ya deni

Chukua mufano mudogo. Boti na moteri yake vinauzwa dola 8,000. Ikibeba muzigo wa haki, kila safari inabakiza dola 60 baada ya kulipa esansi, kapiteni, wafanyakazi wake na takse. Ikifanya safari mbili kwa wiki, inaingiza dola 120. Ili kurudisha dola 8,000, inaomba wiki 67, ni kusema mwaka muzima na miezi zaidi ya mitatu. Na hapo hakuna ubao ulioharibika, hakuna siku ya upepo, hakuna pistoni iliyokufa.

Sasa tuseme ile feza ilikuwa mukopo wa kulipwa kwa miezi 8, kama wiki 35. Mwenye boti anahitaji karibu dola 229 kila wiki, hata mbele ya kuhesabu faida ya aliyemukopesha. Muzigo wa haki unamupa 120. Zile 109 zinazobaki zitatoka wapi? Zitatoka kwa magunia ya juu, kwa wasafiri wanaokaa juu ya magunia, na kwa safari ya usiku pale hakuna wa kuangalia.

Kapiteni ndiye analaumiwa boti ikizama, na mara nyingi kweli ana kosa. Lakini kosa linaweza kuwa liliingia ndani ya boti siku ya kununua. Kwa ule mukopo wa wiki 35, boti inayoingiza dola 120 kwa wiki haiwezi kulipa zaidi ya dola 4,200, bila faida. Mununuzi anayejua hiyo hesabu ana njia tatu: kushusha bei, kuomba muda murefu wa deni, ao kuacha boti ya watu na kurudi nyumbani.

Maji hayadanganyi

Namna ya kujua muzigo wa haki iko, na haiombi mashine. Boti ikiwa majini, mununuzi anapima kwa metre ubavu unaobaki juu ya maji, pale katikati ambapo uko chini zaidi, kuume na kushoto. Kisha anapakia magunia ya mchanga yenye uzito unaojulikana, na anapima tena.

Boti ya metre 12 kwa urefu na metre 2 kwa upana, yenye umbo la kawaida la kuchongoka mbele, inashuka karibu santimetre 6 ikiwekewa magunia 10 ya kilo 100. Kila tani, santimetre 6. Mwenye kuongeza magunia 30 juu ya muzigo wa haki amekula santimetre 18 za ubavu. Kama zilikuwa 45, zinabaki 27. Wimbi ambalo asubuhi lilikuwa linapiga mbao, jioni linaingia ndani.

Na maji yakiingia, hayatulii kama gunia. Maji ya pipa moja la litre 200 ni kilo 200 zinazokimbilia upande ulioinama. Boti ikilala kidogo kuume, maji yanaenda kuume, watu wanashtuka na kusimama, na inalala zaidi. Muzigo uliopangwa juu sana unamalizia kazi.

Tena boti moja haina sura moja kwenye kila ziwa. Tanganyika ni ndefu, karibu kilometre 670, na wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa nane, upepo wa kusini una nafasi kubwa ya kuinua mawimbi. Boti iliyojengwa kwa safari fupi za fasi iliyokingwa na vilima si ya kulipiwa bei ileile kwa njia ndefu ya kule.

Rangi mpya, mbao za zamani

Ubaya wa mbao za boti hauanzi kila mara na maji ya ziwa. Mara nyingi unaanza na maji ya mvua yaliyolala ndani bila kukauka: chini ya mbao za kukanyagia, kwenye pembe za mbele na nyuma, na pale mbavu zinakutana na mbao za pembeni. Kwa hiyo kuangalia nje, ambako rangi inang'aa, hakutoshi. Inafaa kuondoa mbao za kukanyagia, kukausha chini, na kuingia na tochi.

Kazi ya pili inafanywa na bisibisi ao kisu chenye ncha. Ubao muzima unakataa ncha. Uliooza unaipokea kama ndizi iliyoiva. Nyundo ndogo pia inasema: mbao nzima inalia kavu, iliyokufa inajibu kwa sauti ya chini. Musumari wenye alama nyeusi na unga wa kutu pembeni umekwisha kula ubao wake. Ukivuta mumoja na kuukuta mwembamba katikati, mingine iko vilevile.

Aina ya mbao inahesabika. Mikaratusi inapenda kupasuka ikikaa juani, na haidumu sawa na mbao ngumu ya pori. Mwenye boti akipachika ubao wa mikaratusi kati ya mbao za zamani na kuufunika na gudroni, amefanya matengenezo ya wiki, si ya miaka.

Mukuku, ule muti mukubwa wa chini unaoshika boti nzima, unapaswa kuangaliwa kwa urefu wake wote. Boti ikipanguswa mara nyingi kwenye mawe, inaanza kujikunja katikati. Mutu akifunga uzi mbele na nyuma na kuuvuta, atauona mukunjo hata kama rangi ni ya jana. Ubao unabadilishwa, lakini mukuku uliovunjika unaomba karibu kujenga boti upya.

Mwisho, boti iachwe majini usiku muzima bila kutolewa maji. Asubuhi, yale yaliyoingia yapimwe kwa kopo. Boti iliyokaa sana mchangani itavuja siku za kwanza mpaka mbao zivimbe, hilo si ajabu. Lakini ikiendelea kuvuja siku ya tatu na ya ine, pamba kati ya mbao imekufa, ao kuna kitu kibaya zaidi.

Moteri inauzwa peke yake

Boti na moteri vina maisha mawili tofauti, na bei zao zitenganishwe. Muuzaji anayekataa kutenganisha, mara nyingi anaficha kimoja nyuma ya kingine.

Moteri ya nje, kama Yamaha 40 inayojulikana sana kwenye maziwa haya, iguswe kwanza kabla ya kuwashwa. Ikiwa ya moto, kuna aliyeiamsha mapema ili isisumbue mbele ya mununuzi. Ikiwaka, maji ya kupooza yatoke kwa nguvu kwenye tundu lake. Mafuta ya gia, kule chini karibu na pangaboi, yasiwe meupe kama maziwa; yakiwa hivyo, maji yameingia. Fundi anaweza kupima nguvu ya kila silinda: hesabu zikikaribiana ni nzuri, moja ikianguka mbali na ingine, kuna gharama inakuja. Namba iliyo kwenye kibao kidogo cha chuma ilinganishwe na karatasi. Kibao kilichong'olewa kinaomba maelezo, kwa sababu moteri inaibiwa kirahisi kuliko boti.

Kisha kuna karatasi zenyewe: ya mauzo yenye mashahidi, ya boti kwa jina la muuzaji, ruhusa ya kusafiri, na ile inayoonyesha muzigo na hesabu ya watu waliokubaliwa na ofisi ya Leta inayoangalia usafiri wa majini. Ile ya mwisho ndiyo komisioneri anapenda kuisahau, kwa sababu inapinga hesabu yake ya magunia. Na madeni ya zamani ya boti, kama haikuandikwa nani atayalipa, yatamufuata mwenye boti mupya bandarini.

Nani apime

Ulaya, mutu anayenunua jahazi la tanga lililokwisha kutumika, hata la kutembelea tu, ana desturi ya kumulipa mupimaji wake mwenyewe. Jahazi linatolewa majini, mupimaji anazunguka na nyundo, anaandika makosa, na bei inazungumziwa tena juu ya yale maandishi. Muuzaji hachagui mupimaji. Huku, fundi anayeitwa kuangalia mara nyingi ni rafiki wa komisioneri, na anapata kitu kidogo mauzo yakipita. Kumulipa fundi wa bandari ingine, siku moja ya kazi yake, ni gharama ndogo sana mbele ya boti nzima.

Umri peke yake hauhukumu. Meli Liemba ya ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaingia ziwani 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikainuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Mwaka 1997 ilirudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Chuma chake kilikuwa kizima, na moteri yake ilibadilishwa mara kadhaa. Boti ya miaka 15 iliyotunzwa inaweza kupita ya miaka 4 iliyochoshwa na muzigo.

Hatua zinazowezekana

Vikundi vya kukopeshana, kama vya AVEC, vina nguvu ambayo havijaitumia. Vikisema kwamba hakuna mukopo wa boti bila kipimo cha fundi na bila karatasi ya muzigo, bei zitaanza kushuka zenyewe. Na muda wa deni ukifuata muzigo wa haki, mwenye boti hatasukumwa kujaza.

Kitu cha pili ni mustari. Uingereza, sheria ya mwaka 1876 ililazimisha meli kuwa na alama ubavuni inayoonyesha mwisho wa kupakia, baada ya mubunge Samuel Plimsoll kupigania mabaharia waliokufa kwa tamaa ya wenye meli. Alama kama ile ni rangi na burashi. Boti inayouzwa na mustari wake, uliopimwa mbele ya ofisi na mashahidi, inaonyesha mununuzi kile ananunua, na inaonyesha musafiri kile anapanda. Mama mwenye ndizi hajui kuhesabu tani, lakini ataona kama mustari umeingia majini, na atakuwa na neno la kumwambia kapiteni mbele ya kuweka mguu ndani.

Mpaka siku ile, ulizo linaweza kubadilishwa bure. Yule anayesimama mchangani na feza yake mufukoni asiulize tena boti inabeba magunia ngapi. Aulize: ikibeba yale inaruhusiwa tu, italipa deni langu kwa muda gani? Komisioneri akikosa jibu, bei haijakuwa bei bado.