Bwana Ahmednasir na Barua ya Majaji



Reli haifiki Garissa, na wengi wetu twaijua Kaskazini Mashariki kwa kusikia tu. Lakini jambo la Bwana Ahmednasir Abdullahi, wakili na mtoto wa upande ule, latuhusu.

Upande ule ulitawaliwa kwa sheria ya hali ya hatari tangu Desemba 1963 hata Novemba 1991. Mwaka 1980 askari wa Serikali walichoma nyumba za watu Garissa. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walihojiwa uraia wao, wakapewa kipande cha peke yao. (Wazee wa reli wajua kipande ni kitu gani.) Basi mwaka 2003, miaka 12 tu baada ya sheria ile kuondolewa, mawakili wa nchi nzima walimpa Bwana huyu uenyekiti wa chama chao. Ni kura za wanachama, kama zetu.

Wengine waliokalia kiti kile walikwenda kwenye siasa za kura: Bwana Paul Muite aliingia Bungeni 1992, Bwana Tom Ojienda Seneti 2022. Yeye alifanya siasa yake mahakamani. Hata katika Tume ya Utumishi wa Mahakama, iliyompendekeza Bwana Willy Mutunga kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011, aliingia kwa kura za mawakili.

Hatusemi ni mtetezi wa wanyonge. Mwaka 2017 alimtetea Rais Kenyatta katika kesi ya uchaguzi, na ulimi wake ni mkali mno. Aliwashutumu majaji wa Mahakama ya Juu kwa rushwa, tena hadharani. Mwenye kusema hivyo twamtaka alete ushahidi.

Lakini tarehe 18 Januari 2024 aliandikiwa barua kwamba majaji wale hawatamsikiza tena. Hakuitwa kwanza ajitetee. Walioshutumiwa ndio walioamua. Tena barua ile iliwafungia mlango hata mawakili walioajiriwa katika ofisi yake. Hapo sisi hatuwezi kunyamaza. Kijana wa ofisi ile hakuandika neno, naye akanyimwa kazi kwa maneno ya mwajiri wake! Dereva wa treni akisimamishwa kwa sababu bwana steshini amemtukana mkubwa wa Nairobi, tutakubali?

Mahakama Kuu iliisimamisha amri ile kwa muda mwezi ule ule, na Chama cha Mawakili kilimsemea mwenzao. Twamwomba Katibu alilete jambo la wale waajiriwa katika mkutano ujao wa tawi.