Hiyo Mashine ya Tao Haijawahi Kuona Ubongo Wako

Wasee, leo sizunguki. Ile mashine ya kushika chuma kwa mkono, unakaa dakika moja, halafu unapewa karatasi inayosema "damu inayofika ubongoni: iko chini", inakudanganya. Ni uongo umepitishwa kwa printa ukawekwa rangi.

Unazijua. Pale tao, kuanzia Archives ukishuka River Road, kuna kameza, kuna kompyuta, kuna mtu amevaa koti jeupe. Kawangware na Kangemi wanawekelea hema kando ya barabara. "Chekiwa mwili mzima!" Bei ni ndogo, saa zingine bure. Wanakuuliza umri, kilo na urefu, wanaandika, unashika kile chuma. Karatasi inatoka na moyo, ini, figo, na mahali fulani pale kati iko laini ya damu ya ubongo. Yako haiko poa, obvio. Na kwa bahati nzuri sana, dawa yenyewe iko hapo hapo mezani.

Tushike hiyo laini moja tu, ya damu ya ubongo.

Mishipa midogo kabisa ya ubongo, yaani kapilari, ina upana wa maikromita 5 hadi 10. Unywele wako ni mnene mara kadhaa kuliko hiyo. Chembe nyekundu za damu zinapita humo moja moja zikijikunja, kama watu kwa mlango wa matatu saa kumi na mbili jioni. Na yote iko ndani ya fuvu. Sasa chuma kwa kiganja kinaona aje huko?

Watu wamehangaika na hili swali miaka mingi. Miaka ya 1940 huko Marekani, Seymour Kety na Carl Schmidt walimvutisha mtu hewa yenye gesi kidogo ya naitrasi oksaidi, wakachota damu kutoka kwa ateri na kutoka kwa mshipa wa shingo unaorudisha damu kutoka kichwani, mara kadhaa, kisha wakapiga hesabu ya tofauti. Jibu: karibu mililita 50 kwa dakika kwa kila gramu 100 za ubongo. Huo ni wastani wa ubongo wote. Sindano hadi shingoni, na bado hawakuona kapilari hata moja.

MRI ya siku hizi inaweza kuyatia maji ya damu alama ya sumaku yakiwa shingoni, kisha kuangalia yanafika wapi kichwani. Hata hiyo inapima vipande vya milimita kadhaa, kila kimoja na kapilari kibao ndani. Mashine ya mamilioni inakubali kwamba haioni mshipa mmoja mmoja. Ya kameza inaona kila kitu.

Na usidhani haya ni mambo ya wazungu. Kwenye malaria ya ubongo, chembe za damu zenye vimelea zinanata kwa kuta za hiyo mishipa midogo na kuziba njia. Miaka ya 1990 watafiti wa Kilifi waliwapima watoto wagonjwa kwa Doppler, sauti inayopitishwa kando ya kichwa. Inakuonyesha kasi ya damu kwenye mishipa mikubwa. Midogo haifikii.

Blantyre, Malawi, madaktari waliangalia jicho. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ni ndugu ya ubongo, na mishipa yake unaweza kuiona bila kupasua mtu. Utafiti wao uliotoka 2004 ulichunguza miili ya watoto 31 waliohesabiwa kuwa wamekufa na malaria ya ubongo. 7 walikuwa wameuawa na kitu kingine kabisa. Dalili iliyowatenganisha vizuri zaidi walipokuwa hai ilikuwa kwa retina. Hiyo ndiyo maana ya kupima: unarudi kuangalia kama ulikosea. Wale wa hema wamewahi kurudi kumwangalia nani?

Najua kuna mtu atasema, "Lakini ilinipata, iliniambia nina shida ya mgongo na silali vizuri." Buda, unaishi Nairobi. Unakaa kwa jamu Waiyaki Way kila siku. Nani hapa hana mgongo? Hata mimi niliyeacha chuo naweza kukusomea hiyo bila chuma.

Kinachoniuma ni hiki. Mzazi wa mtu ana presha. Anaambiwa damu ya ubongo haifiki, ananunua vidonge vya elfu kadhaa, na pesa ya dawa ya kliniki ndiyo imeenda. Ama anaambiwa ubongo uko sawa, anaacha dawa kabisa. Presha ndiyo inaharibu hiyo mishipa midogo polepole, bila maumivu, hadi siku ya kiharusi. Karatasi ya rangi haitamshika akianguka.

Na sitawacheka wanaopanga foleni. MRI ni ghali na foleni ya hospitali ni ndefu, hao wa hema wanajua hivyo ndiyo maana wako hapo. Lakini kuna kipimo cha ukweli cha bei ya chini: ile mashine ya presha ya kufunga mkononi. Kemisti nyingi za mtaa ziko nayo. Haisemi inaona ubongo. Inakupa namba mbili unazoweza kupima tena kesho mahali pengine na kulinganisha.

Jaribu hivyo kwa hema. Pimwa mara mbili, mara ya pili wape umri na kilo za uongo, halafu weka karatasi zote mbili mezani uwaulize ni gani ya ubongo wako. Na ukiona mtu uso umelegea upande mmoja, mkono hauinuki ama maneno hayatoki, usimpeleke kwa hema wala usingoje asubuhi. Ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Mtumie mathe hii kabla ya Jumamosi.