Faili za gazeti zisifie kwenye flopi

Wikendi nilikuwa Thika nikifungua flopi 11 za gazeti dogo la mtaani lililokwisha kufungwa. Zilibeba faili za utafiti: maji ya Ruiru, jaa la Kang'oki, mashamba yaliyokatwa ploti. Flopi nne hazikusomeka kabisa. Iliniuma.

Sheria ya Kenya inamtaka mchapishaji apeleke nakala za gazeti kwa msajili. Sawa. Lakini gazeti ni ugali uliopakuliwa. Faili ndiyo inayoonyesha unga ulitoka wapi: nani aliulizwa, barua ipi ya baraza ilijibiwa, ipi ilipuuzwa. Mabaraza ya manispaa ya Thika na Ruiru yaliondoka mwaka 2013, kazi zikahamia Kaunti ya Kiambu. Mwananchi anayebishania ploti ya umma leo, huenda ushahidi wake umelala kwenye flopi kama hizi.

Kurasa zilikuwa za PageMaker 6.5. Toleo la mwisho la programu hiyo, 7.0, lilitoka 2001! Bahati nzuri LibreOffice, ya bure, inazisoma tangu 2015. Nilizifungua, nikahifadhi kila kitu kama maandishi matupu, UTF-8. Kupiga picha kurasa peke yake hakutoshi, maana huwezi kutafuta neno ndani ya picha.

Rafiki mmoja anataka niziweke zote mtandaoni. Hapana. Majina ya waliozungumza kwa siri yatafichwa kwanza, hata kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 isingekuwapo.

Una sanduku la flopi huko Ruiru? Niandikie. Kisomeo cha USB ninacho.