Saa na Visu: Chombo au Fahari?



Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha wenye mali zama hizi ni kukusanya saa za mkono za thamani, hasa zenye kipimamuda ndani yake, na visu vya kukunja vya fahari ambavyo havitakata hata kitunguu. Mwaka 2017, mjini New York, Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 17. Wala hili si la Marekani pekee. Marehemu Sultan Qaboos wa Oman, aliyetawala tangu 1970 hadi 2020, aliwatunuku watu saa za Rolex zenye nembo ya jambia usoni, na leo wakusanyaji wanazigombania minadani.

Hatusemi kuwa kukusanya ni haramu. Asili ya vitu ni uhalali. Tunachouliza ni nia. Anayevaa saa yake na kutumia kisu chake, hivyo ni vyombo, navyo havina Zaka. Anayenunua ili auze, hiyo ni bidhaa: ikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka, hutolewa asilimia 2.5 kwa bei ya siku hiyo. Ama saa ya dhahabu, mwanamume haruhusiwi kuivaa, na kuifungia kabatini hakuiondolei Zaka dhahabu yake inapotimia gramu 85. Lakini wapo wasemao "ni mtaji" wanapolaumiwa kwa israfu, na "ni pambo tu" wanapokumbushwa Zaka. Hao na wachague moja.

Mtu wa Kibondo atauliza: ya matajiri yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Kijana anayeuza gunia la maharage akanunua saa ya tatu, tena ya bandia, kwa ajili ya jina lililoandikwa usoni, tofauti yake na tajiri wa New York ni bei tu.

Tena saa, hata iwe ghali vipi, haijui jua. Kasulu iko takriban digrii 9 za longitudo magharibi ya Dar es Salaam, na kila digrii ni dakika 4. Kwa hiyo jua huzama huku zaidi ya nusu saa baada ya kuzama huko, ilhali saa za nchi nzima husoma sawa. Anayefuturu Kasulu kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam amefuturu mchana, ijapokuwa saa yake ina thamani ya nyumba.

Na kisu vivyo hivyo. Mtume (s.a.w.) amemwamrisha mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Basi kisu bora ni kile chenye makali, si kile kilicholazwa katika kisanduku cha mahameli.

Rai yetu ni kuwa misikiti ya Kasulu na Kibondo ihesabu nyakati kwa jua la hapa, ibandike ratiba ukutani, na iwe na saa moja sahihi na kisu kimoja kikali cha Idd. Na mwenye saa tano azipange mbele yake ajiulize: ipi anaivaa, ipi ataiuza, na ipi inamdai?

Wabillahi tawfiq.