Kalenda za Kariakoo Zionyeshe Visiwa Vyetu

Ikifika Novemba, sisi tunaochapisha kalenda Kariakoo hatulali. Duka la vipuri, shule, saccos, vikoba vya kina mama, wote wanataka mzigo wao kabla ya Krismasi. Ukimuuliza mteja anataka picha gani, anakujibu, "Weka tu mandhari nzuri." Fundi anaingia intaneti, na kinachotoka ni mlima wa theluji, ziwa la bluu na nyumba ya mbao katika nchi ambayo hata yeye haijui jina. Picha hiyo itakaa ukutani Buguruni na Mbagala mwaka mzima.

Mimi naona huku ni kujinyima. Boti ya kutoka Msasani inafika Bongoyo chini ya saa moja. Mbudya, ng'ambo ya Kunduchi, ina mibuyu na mchanga mweupe. Visiwa hivyo viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vimewekwa chini ya hifadhi ya bahari tangu 1975. Na ukipanda boti ya Unguja asubuhi pale bandarini, mchana umeshafika msitu wa Jozani, uso kwa uso na kima punju, mnyama ambaye kiasili hapatikani kokote duniani ila Zanzibar.

Kumpiga picha kima huyo kunataka subira. Mgongo wake ni mwekundu wa kutu, tumbo jeupe, uso mweusi tii uliozungukwa na nywele nyeupe. Chini ya miti jua linapenya vipande vipande. Simu inafuata ule weupe, na uso unageuka doa jeusi. Kwenye karatasi doa hilo linazidi, kwa sababu wino unazama na giza linaongezeka. Picha inayochapika vizuri ni ya mtu aliyengoja mpaka mnyama akageukia mwanga, kisha akagusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime hapo, macho yakaonekana.

Asimrushie ndizi ili asogee. Tumbo la kima punju limeumbwa kwa majani machanga na matunda mabichi. Sukari ya tunda lililoiva inamdhuru. Mwache afanye yake, kwani yake yanatosha. Akila majani ya mwembe au mkungu hutafuta mkaa akautafuna, upunguze makali ya majani hayo tumboni. Nikiletewa picha safi ya kima ameshika kipande cha mkaa mkononi, naiweka Januari.

Sasa, picha ya namna hiyo ina gharama zake: nauli, kiingilio, mwongozaji, siku nzima ya kazi. Tukipanga bei ya kalenda tunahesabu karatasi, wino, umeme na fundi wa kubana. Mpiga picha hayumo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda wimbo, lakini kijana mmoja alinijia dukani na kalenda ya kampuni fulani yenye picha yake ya mibuyu ya Mbudya, jina lake limekatwa pembeni, na hajaona hata shilingi. Habari ya yule kijana iliniuma sana. Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kazi ya picha inaweza kulisha nyumba kwa vizazi, ikilipwa.

Basi ombi langu kwa wateja ni hili: ukija kuagiza kalenda ya mwakani, uliza picha imepigwa wapi, na aliyeipiga kapata nini. Nanyi wenzangu wenye mashine, tuingize malipo ya mpiga picha kwenye bei, tena jina lake tuliandike chini ya kila ukurasa.