Wekesa hajaiona filamu yake

Jina Wekesa, la mtoto aliyezaliwa msimu wa mavuno, limejaa katika madaftari ya mahudhurio kutoka Bungoma hadi Kitale. Mwaka wa 1986, Anne Mungai aliliweka katika anwani ya filamu yake, "Wekesa at Crossroads". Mnamo 1992 akaelekeza "Saikati", kisa cha msichana wa Kimaasai anayetamani masomo ilhali jamaa zake wataka kumwoza. Hivyo akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini kuelekeza filamu ndefu.

Je, ni mwanafunzi yupi wa Kitale aliyeziona kazi hizi? Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 huweza kufuata mkondo wa sanaa na spoti, ambamo filamu ni somo. Mwalimu asiyepewa filamu za kwao atafundisha za Marekani, na mwanafunzi ataamini kwamba visa vya kwao havistahili kamera. Wizara ya Elimu yafaa izifikishe shuleni kama inavyofikisha vitabu.

Mcheza kwao hutuzwa, wahenga walinena. Lakini atamtuza nani, ikiwa hata wajina wa Wekesa hawamjui?