Nembo Hudhamini Deki, Haidhamini Mkanda

Mkanda wa VHS una urefu wa sentimita 18.7, wa Beta sentimita 15.6. Utepe uliomo ndani una upana ule ule, nusu inchi. Tofauti hiyo niliijua kwa vidole kabla sijaisoma popote. Nikiwa mtoto Tanga niliwahi kuusukuma mkanda wa VHS kwenye deki ya Beta, nikidhani mdomo wa deki umekaza tu na ukipata nguvu utaachia. Mjomba akanishika mkono. "Huo si wa huku, mjomba," akaniambia taratibu, kama anayemzuia mtoto asiingie nyumba ya watu.

Deki ile alirudi nayo kutoka Muscat, imeviringishwa blanketi katikati ya sanduku. Aliichagua kwa sababu moja: walioitengeneza ndio waliotengeneza redio yake, na redio ile haikuwahi kumsumbua. Deki nayo haikumsumbua. Ilirekodi vizuri, ilionyesha vizuri. Lakini duka la kukodisha mikanda pale mtaani lilikuwa na rafu za VHS kuta tatu, na Beta zilikaa kwenye boksi moja chini ya kaunta. Tulizimaliza zote kwa mwezi mmoja, tukaanza kuzirudia.

Tangu miaka hiyo nimekuwa nikisikia watu wakiusimulia ugomvi wa Beta na VHS, na masimulizi yenyewe yamekuwa kama methali: kila mtu anayajua, hakuna anayeyapima. Mengi yanamhusu mnunuzi kama mjomba, aliyelishika jina la kampuni na kuliamini. Nataka kuyapima, kwa sababu naona mnunuzi huyo anaonewa.

Wa kwanza husema kwamba anayenunua kwa kuangalia nembo ni mjinga, kwamba angekaa chini akalinganisha vyombo angeuona ukweli. Angelinganishaje? Deki ilikuwa chombo cha bei kubwa, na mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kujua kichwa cha kusomea utepe kitadumu miaka mingapi au mota yake itaanza kulalamika lini. Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa mmoja tu: chombo alichonunua jana kwa watu wale wale. Sony, waliobuni Betamax, ndiyo hiyo Beta, ilianza kuuza redio za transista mwaka 1955, na mwaka 1968 ikatoa televisheni za Trinitron, ambazo rangi zake ziliwafanya watu wasimame dirishani kwa muuzaji. Aliyekuwa na Trinitron sebuleni mwaka 1975, Betamax ilipoanza kuuzwa Japani, hakuwa anaota aliposema kampuni hii inajua kazi. Alikuwa anasema kile macho yake yalichokiona kila jioni.

Alipoteleza ni kwingine, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Redio haihitaji jirani awe na redio ya aina ile ile. Trinitron inapokea mawimbi yale yale yanayopokewa na televisheni yoyote. Ubora wa vyombo hivyo umo ndani ya kasha lake, na aliyelitengeneza kasha anaweza kuudhamini. Deki ni kitu cha namna nyingine. Nusu ya thamani yake iko nje ya kasha: duka la mikanda, shemeji mwenye filamu ya Kihindi ambayo wewe hujaiona, mpiga picha wa harusi anayekuuliza unatumia mkanda gani. Kampuni hata iwe nzuri vipi, haina mamlaka juu ya shemeji yako. Mjomba alichukua imani aliyoipata kwa halali kwenye redio akaipeleka kwenye jambo ambalo mtengeneza redio hawezi kulidhamini. Kosa hilo lipo, sikatai, lakini ujinga si jina lake.

Wapo wanaosema kinyume kabisa: kwamba mwisho wa Beta unathibitisha kuwa nembo hazikuwa na kazi yoyote, kwa kuwa Sony lilikuwa jina kubwa kuliko JVC, waliobuni VHS, na bado likashindwa. Dai hili lina sura ya hesabu, nalo ndilo linalopotosha zaidi. Ukiitazama Marekani ya mwaka 1977 utaona ni nani hasa aliyeuza VHS. Wengi hawakuinunua kwa jina la JVC. Waliinunua kwa jina la RCA, kampuni ambayo familia nyingi za Marekani zilikuwa na televisheni yake tangu enzi za babu. Mashine yenyewe ilitengenezwa Japani na Matsushita, wale ambao sisi tuliwajua kwa jina la National na baadaye Panasonic. Magnavox na General Electric nazo zilibandika nembo zao kwenye mashine za VHS. Mmarekani aliyeingia dukani akiwa mwaminifu kwa RCA alitoka na deki ya Kijapani ndani ya nembo ya nyumbani kwao.

Uingereza mambo yalikwenda mbali zaidi. Huko familia nyingi hazikununua televisheni wala deki, zilikodi kwa mwezi. Kundi la Thorn lilikuwa na maduka makubwa ya ukodishaji, na lilikuwa pia na jina la Ferguson, ambalo Waingereza walilizoea. Deki yake, Ferguson Videostar, ilikuwa kazi ya JVC. Mzee aliyekuwa akikodi Ferguson miaka yote akaendelea kukodi Ferguson, na hivyo ndivyo VHS ilivyoingia sebuleni kwake bila yeye kuchagua mfumo wowote.

Kwa hiyo uaminifu kwa nembo ulifanya kazi, tena kazi kubwa. Kilichotokea ni kwamba JVC na Matsushita walikubali kuazima nembo za wengine, wakaja na majina ambayo kila nchi iliyapenda tayari. Sony nayo haikuwa peke yake. Sanyo na Toshiba walitengeneza Beta, na Marekani Zenith iliuza Beta zilizotengenezwa na Sony. Lakini Sony ilikuwa imewaonyesha Matsushita na JVC mashine yake kabla haijaitoa, ikitumaini watapanda chombo ambacho nahodha ameshapatikana, nao wakakataa. Kura za sebuleni zilianza kuhesabiwa pale.

Na hapo kuna mtu anayeniuma moyo kuliko wote, mteja wa Zenith. Mwaka 1984 Zenith iliiacha Beta ikahamia VHS. Nembo aliyoiamini ikabaki dukani, imeng'aa kama kawaida, huku mikanda yake ya miaka saba ikibaki kabatini. Aliendelea kuwa mwaminifu kwao, ila mlango wenyewe ulikuwa umehamishiwa ukuta mwingine.

Halafu kuna lile linalosemwa kwa uchungu na kila mpenzi wa Beta: picha yake ilikuwa bora, dunia ikachagua kibaya. Nimelipenda dai hili kwa muda mrefu kwa sababu lilimpa mjomba heshima. Halijasimama sawasawa. Betamax ya kwanza ilirekodi saa moja, VHS ya kwanza saa mbili, na filamu haimaliziki kwa saa moja. RCA ilitaka mkanda wa kutosha mechi nzima ya mpira wao wa miguu, hivyo mashine yake ya mwaka 1977 ikaweza saa nne kwa kupunguza kasi. Sony nayo ikapunguza kasi ya utepe ipate saa mbili, na kasi ikishuka picha nayo hushuka. Ule ubora unaosimuliwa ulikuwa wa mwendo wa kwanza, ambao Wamarekani wengi waliuacha ili wapate urefu. Waliokuwa wakilinganisha picha mbili sebuleni kwenye televisheni ya kawaida walikuwa wanatafuta tofauti kwa tochi.

Ila tuwe wakweli kwa upande wa pili pia. Kwenye nchi zenye mfumo wa rangi wa PAL, ikiwemo Tanzania, habari ya urefu haikuwa hivyo. Mkanda wa Beta wa L-750 ulichukua saa tatu na robo, wa VHS wa E-180 saa tatu. Anayesema Beta ilikufa Tanga kwa sababu ya mkanda mfupi anasimulia kisa cha Marekani. Kwetu iliuawa na lile boksi chini ya kaunta. Na kwetu boksi lile lilikuwa na uzito usio wa kawaida, kwani Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 70 mwanzoni. Huku Bara deki haikuwa chombo cha kurekodi kipindi cha jana ukakitazama leo, jambo ambalo Akio Morita wa Sony alilinadi na ambalo Mahakama Kuu ya Marekani ililihalalisha Januari 1984 kwa kura tano dhidi ya nne. Sisi mikanda ndiyo ilikuwa televisheni yetu. Asiyepata mikanda alikuwa na kioo kitupu.

Dai la filamu za ngono, kwamba Sony ilizikataa na VHS ikashinda kwazo, silipi nafasi kubwa. Zilikuwepo kwenye Beta pia, na mtengeneza mashine hana namna ya kuzuia kinachorekodiwa kwenye mkanda.

Wengine huigeuza hadithi iwe ya ushujaa: Sony ilisimama na wateja wake mpaka mwisho, na huo ndio uaminifu wa kampuni. Kuna ukweli ndani yake. Sony iliacha kutengeneza deki za Betamax mwaka 2002, na mikanda ikaendelea kuitoa hadi Machi 2016, miaka arobaini na moja tangu ianze. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini Januari 1984 Sony ilitangaza katika magazeti ya Japani kwa siku nne mfululizo, vichwa vya matangazo vikiuliza kama Betamax itatoweka na kama anayeinunua atapata hasara. Ilikusudia kujibu hapana. Msomaji aliyekuwa hajawahi kuwaza hivyo akaanza kuwaza siku hiyo. Mwaka 1988 Sony ikaanza kuuza deki za VHS. Siioni kama hila, kwa sababu kampuni inalinda watu wake na viwanda vyake. Ninachokataa ni kumwambia mteja kwamba uaminifu huo ni wa pande mbili zilizo sawa. Kampuni ikibadili mfumo inabadili mashine za kiwandani na kesho inauza tena. Mteja, harusi yake iliyorekodiwa kwenye mkanda haibadiliki.

Ukiwaeleza hayo watakwambia: mbona kwenye vita vya diski za filamu Blu-ray ilishinda, si jina la Sony hilo? Blu-ray inathibitisha kwamba Sony ilikuwa imejifunza. Ilipotangazwa Februari 2002 ilikuwa na kampuni tisa nyuma yake, na mmojawapo alikuwa Matsushita, mpinzani wa zamani, pamoja na Philips, Samsung na LG. Upande wa pili alikuwepo Toshiba na HD DVD. Novemba 2006 PlayStation 3 ikatoka na kisomeo cha Blu-ray ndani, kwa hiyo kijana aliyetaka michezo alipata Blu-ray bila kuiomba, kama yule mzee wa Ferguson alivyoipata VHS. Toshiba ilijaribu bei: Novemba 2007 maduka ya Walmart Marekani yaliuza mashine yake ya HD-A2 chini ya dola 100. Watu waliigombania. Tarehe 4 Januari 2008 Warner ilitangaza kwamba filamu zake zitatoka kwa Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari Toshiba ikatangaza kuacha. Aliyenunua HD-A2 siku za sikukuu hakuwa ameitumia miezi mitatu. Mashine yake haikuwa na ubovu wowote.

Na anayedhani vita hivyo vimekwisha aende dukani kuulizia televisheni. Kati ya mifumo ya kung'arisha mwanga na rangi za picha, televisheni za Samsung hazitumii Dolby Vision, zinatumia HDR10+. Mpenzi wa Samsung haambiwi hilo kwenye boksi kwa maandishi makubwa. Bahati nzuri picha haizimiki, inashuka tu kwenye HDR10 ya kawaida. Ving'amuzi ndivyo vinavyouma zaidi. Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba ililazimika kuchagua kampuni, na king'amuzi cha kampuni moja hakikufungulii vifurushi vya nyingine. Nimeingia nyumba zenye vitatu vimepangwa juu ya kabati, waya zimefumwa kama mkeka. Na tunamuuliza mwenye nyumba kwa nini anapenda kampuni fulani, kana kwamba mapenzi ndiyo yaliyomfikisha hapo.

Mjomba alifariki na deki yake ikiwa bado sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Mwaka juzi binti yake aliniletea mkanda mmoja uliokuwa kwenye kasha la plastiki lililopasuka. Juu yake, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mjomba: "Harusi ya Mwanaidi, usifute." Tuliiwasha deki. Taa ikawaka, mlango ukaumeza mkanda, kisha kimya, maana mikanda midogo ya raba inayozungusha magurudumu ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami. Fundi mmoja wa Barabara ya Kumi na Mbili ameifungua yote mezani kwake. Anatafuta raba za kipimo hicho, na ameniambia nipite tena Jumamosi.